Kilti ya Kaka Calum Siku ya Harusi

Nyumba ya Juu,
Strathpeffer, Uskoti.
14 Septemba 1998

Mpendwa ndugu yangu Hector,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako linaendeleaje? Na Rhona na watoto, hawajambo huko New Zealand? Sisi tu wazima, ila mvua imetuchosha. Shayiri bado iko shambani.

Uliniuliza kwa simu mwanao Struan avae nini na kilti, sketi yetu ya marinda ya wanaume, siku ya mahafali yake. Kwa shughuli ya mchana, koti la sufu la kahawia na kimkoba cha ngozi kiunoni vinamtosha. Koti jeusi la vifungo vya fedha na kimkoba cha manyoya ni vya harusi na karamu za jioni. Msibani soksi huwa nyeusi, na kila kinachong'aa huachwa nyumbani. Zamani ningeishia hapo. Harusi ya Eilidh, binti wa kaka yetu Calum, imenifanya nifikiri upya.

Kaka Calum, kama ujuavyo, hakuwa ameigusa kilti yake tangu tumzike mkewe, Senga, mwaka jana. Asubuhi ya harusi ya binti yake nilimkuta sebuleni amevaa suruali. Koti la vifungo vya fedha, alilopewa na upande wa bwana harusi, alikuwa amelitupa kitini.

"Kaka, wenzio wote wamevaa kilti. Baba wa bibi harusi ndiye atoke kama karani wa benki?"

"Waache wavae. Mimi nikiivaa ile, nasikia udongo ukianguka juu ya jeneza."

Nikasema watu watatucheka. Akanigeuzia mgongo.

Eilidh alitusikia. Akashuka ngazi, gauni halijafungwa mgongoni, viatu mkononi. Nilidhani atalia. Akaenda moja kwa moja kabatini, akatoa kilti, kisha lile koti la kahawia lenye viraka viwikoni, ambalo baba yake huvaa kwenye maonyesho ya kondoo.

"Najua Shangazi atapiga kelele," akasema, "lakini mimi namtaka baba aliyekuwa akinibeba mabegani mnadani. Huyo wa koti jeusi simjui."

"Linanuka kondoo, mwanangu."

"Na mimi nimekulia wapi, Baba? Vaa bwana, tunachelewa!"

Calum alilipokea koti, akalikung'uta. Kisha akaniuliza, "Ishbel, zile soksi ndefu za kijani ziko wapi?"

Kanisani mama wa bwana harusi alilitazama koti lile mara mbili. Lakini kaka yetu alitembea na binti yake kifua mbele, na kwenye ngoma alimzungusha mama huyo huyo mpaka akaomba maji.

Jana nilipita kwake. Nilimkuta jikoni anapiga pasi marinda ya kilti, taratibu, rinda baada ya rinda. Akaniambia bila kuinua macho, "Jumapili nakwenda makaburini kumsimulia Senga harusi. Hakupenda kuniona na suruali, yule."

Nisalimie Rhona, Struan na mdogo wake Una. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, na atukutanishe tungali na nguvu za kucheza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Ishbel