Karatasi Yenye Harufu ya Sambusa

Buyenzi, Bujumbura
Alhamisi

Kwa dada yangu Amira,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa shemeji umepona. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mvua imepungua, gereji ina kazi, na Mama Mdogo anakusalimu kwa kelele kama kawaida yake.

Umeuliza mara mbili kwa simu kwa nini Baba hajajibu barua yako, nami mara zote mbili nikakwambia kichwa kinamuuma. Nisamehe. Baba haumwi homa wala kichwa. Hajaijibu kwa sababu hajaisikia. Bahasha yako iko mfukoni mwa kanzu yake, imefungwa vilevile ulivyoifunga, na wa kulaumiwa ni mimi. Naona aibu kuandika, lakini nikikuficha na hili nitakuwa nimekwisha kabisa.

Unaukumbuka mchezo wetu wa Ramadhani. Baada ya Alasiri, watu wanakaa mbele ya duka la Baba la vipuri kusubiri futari, na Baba anaandika kwa chaki herufi tatu kwenye ile boneti kuukuu iliyoegemezwa ukutani. Kila mtu anatafuta neno ambalo herufi hizo zimejificha ndani yake, zikifuatana bila kutenganishwa, kisha analiandika kwenye kikaratasi. Neno refu kuliko yote ndilo linaloshinda. Siku ya mwisho, karatasi ya mshindi inawekwa ndani ya kamusi ya Baba, ile aliyoishona jalada kwa uzi wa kushonea viti vya magari. Wewe mwenyewe umo humo mara tatu. Mimi simo hata mara moja, na unajua jinsi Baba anavyonitania kwamba natambua nati kuliko neno.

Tangu macho yake yazibike mwaka juzi, mimi ndiye ninayemsomea. Magazeti, barua zako, na karatasi za mchezo. Anainamisha kichwa, anasikiliza, anahesabu herufi kwa vidole, halafu anaamua. Hakuna anayekagua, maana anayesoma ni mtoto wake.

Safari hii alitangaza kwamba, kwa kuwa hawezi tena kuisoma kamusi, mshindi wa siku ya mwisho ataondoka nayo. Nilijua itakwenda kwa nani.

Consolée humjui vizuri. Ni yule mama wa Uvira aliyekimbia vita, anayekaanga sambusa kwenye baraza letu. Mkristo, lakini hali chochote mbele yetu mpaka adhana ilie. Alianza kucheza kwa utani, huku anageuza sambusa, na kwa miaka minne sasa anatupiga wote. Anaandika kwenye zilezile karatasi anazofungia wateja. Baba anampenda kwa hilo. Nami, dada, nakwambia ukweli wangu mchafu: nilikuwa najisemea, kitabu cha baba yetu kiende kwa muuza sambusa, mgeni, na mimi mtoto wa kiume nipo?

Siku hiyo ya mwisho herufi zilikuwa A, N, G. Watoto waliandika mlango na panga. Mimi niliandika changamoto, nikajiona bingwa. Djibril wa matairi akaandika kuwatangulia, kumbe alikuwa ameshanipita. Nikafungua karatasi ya Consolée: kuchangamshana. Herufi kumi na nne. Nilizihesabu mara mbili kwa macho, na Baba akauliza kwa nini nimenyamaza.

Nikasoma lile neno kwa sauti, nikasema ni langu. La kwangu nikasema ni la Consolée.

Baba alifurahi, dada, sijapata kumwona hivyo. Alinishika bega, akawaambia watu kwamba huyu wa nati kumbe alikuwa anajificha. Watu wakapiga makofi. Akanyoosha mkono apewe karatasi iliyoshinda, nami kwa haraka nikampa iliyokuwa mkononi mwangu. Akaipapasa, akaisogeza usoni kidogo, akaitia ndani ya kamusi, akanikabidhi. Consolée alinitazama. Atasemaje, na anakaanga kwenye baraza letu kwa ruhusa yetu? Alifunika beseni lake kwa kitambaa, akaondoka kabla ya adhana. Kesho yake, siku ya Idi, hakuja, wala siku zilizofuata.

Nawe nilipokupigia kukwambia nimeshinda, ukapiga vigelegele kwenye simu mpaka watoto wakaamka. Nikaviacha viendelee.

Barua yako ilifika wiki moja baada ya Idi. Nikakaa karibu na Baba niifungue, kama siku zote. Akaichukua mkononi mwangu, akaitia mfukoni. Akasema polepole, “Twalibu, miaka arobaini nimeuza vipuri. Mikono yako inanuka grisi toka we mutoto. Ile karatasi ilinuka sambusa. Toka lini we unakaanga?”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikalia, mtu mzima mimi, nikamwomba msamaha. Alisema kitabu nibaki nacho, amekwisha kunipa mbele za watu. Ila kumsomea, basi. Anajiuliza ni barua zako ngapi nilizozibadilisha, na hana njia ya kujua. Dada, naapa sijabadilisha hata moja. Lakini nitamthibitishiaje? Alinikabidhi macho yake yote, na sasa anaona heri akae na bahasha asiyoweza kuisoma kuliko kunisikia mimi.

Nilimtafuta Consolée nikampata upande wa Bwiza, mbele ya saluni moja. Nikampelekea kamusi imefungwa kwenye gazeti. Hakuigusa. Alisema, “Apana. Neno yangu uliibeba mbele ya batu. Uirudishe mbele ya batu.” Akaendelea kukunja sambusa.

Kwa hiyo kesho Ijumaa, baada ya Alasiri, nimewaita wote walewale mbele ya duka. Nitasimama karibu na ile boneti niseme nilichofanya, Consolée akiwepo au asiwepo, na kamusi nitaiacha hapo mezani. Usimpigie Baba kuniombea, tafadhali. Nilipomwambia kwamba nimewaita watu, aliuliza tu kama na yule mama atakuja, na mkono wake ukaenda mfukoni kupapasa bahasha yako.

Wasalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Na ukiandika tena, mwandikie Baba peke yake. Mimi nitasubiri kusikia habari zako kutoka kwa atakayemsomea.

Ni mimi mdogo wako mwenye haya,

Twalibu