Dawa ya Mama

Kiamunyi, Nakuru
Mei 2008

Dada yangu Wariara,

Natumaini baridi ya huko imepungua. Hapa mvua imefika, na viazi vya shamba la Mama kule Mau Narok vimeota vizuri, ingawa yeye hajaviona. Tangu vurugu za baada ya uchaguzi, Januari, alikimbia huko na anaishi nami.

Uliniuliza siku hizi nafanya kazi gani. Tunabuni wagonjwa maelfu ndani ya kompyuta, tunawapa dawa, kisha tunaona wataishi muda gani na kwa gharama gani. Tunaanza na kile tunachoamini, halafu takwimu za wagonjwa halisi kutoka kliniki zinaisahihisha imani hiyo. Mwaka huu tulipima dawa mpya ya saratani ya matiti. Faida yake ni ndogo kuliko gharama, na mradi unaoigawa bure hospitalini utaacha kuitoa. Ripoti niliiandika mimi.

Ndiyo dawa anayotumia Mama. Hakutaka ujue kwamba anaumwa.

Nilirudia hesabu peke yangu, nikianza kwa kuamini kabisa kwamba dawa inaponya. Ushahidi ulimeza imani yangu yote, jibu likabaki lile lile. Nilipomweleza Mama, aliniuliza:

“Hao watu wa kompyuta, wanakufa pia?”

“Wanakufa, Mama.”

“Na nani huwalilia?”

Akaniomba nimfunge kitambaa kichwani, tukanywa chai.

Ukiweza kuja, njoo wakati bado anaweza kusimama mlangoni kukupokea. Usimwambie nilikuandikia.

Ni mimi ndugu yako,
Naftaly