Lile la Safu Tatu

Baba watoto,

Ukitoka zamu, chai iko kwenye chupa na mkate nimeufunika. Viti vya sebuleni usiviguse, tafadhali, mpaka nirudi.

Najua utacheka. Asubuhi watoto wamevipanga safu tatu wakacheza gari. Wanao watatu na wangu mmoja, nami nimesimama mlangoni na kikombe, nawatazama kama niko ndotoni. Vichwa vinayumba wakikata kona, pazia linapepea kama tuko mwendo kasi kweli, na mmoja tayari anasinzia safarini.

Halafu binti yako mkubwa, ambaye tangu nihamie hapa ananiita "wewe", akamvuta mwanangu safu ya nyuma. "Huyu mdogo wangu, anakaa na mimi." Akanigeukia. "Mama, mbona umesimama? Panda bwana, tunakuacha!"

Nikapanda. Sijui tulikwenda wapi, ila tulifika mbali, na shuleni wamekwenda na sare zisizopigwa pasi. Unisamehe.

Jana nilikwambia gari la viti vitano linatosha, mimi na mwanangu tutapanda basi. Niliona haya kukuongezea mzigo. ~~Chagua tu unavyoona wewe.~~ Hapana. Muuzaji atapiga simu saa nne. Mwambie tunachukua lile la safu tatu, hata kama rangi yake huipendi.

Mvua ikianza, anua nguo.

Mama yao, wote wanne