Nilimuuliza Nimwite Mama Nani

Kigali, Jumatano, Novemba 1994

(Ukurasa huu nimeunakili hapa bloguni kutoka daftari langu la wakati ule. Sijarekebisha kitu.)

Mvua ilianza saa tisa, sasa imepungua. Mimi nina aibu. Naandika haraka kabla mwanga haujaisha, maana umeme wa hapa unakuja ukipenda.

Jana nilishuka kwenye lori pale stendi ya Nyabugogo, mimi na cherehani yangu, kutoka Karagwe. Wazazi wangu walikimbilia huko Tanzania kabla sijazaliwa, wakanilea wakisema Kigali ndiyo kwetu. Kwetu gani? Nilikuta malori ya Uganda, ya Burundi, ya Zaire, watu wamejitwika magodoro, huyu anafoka Kifaransa, yule Kiganda. Njia ya kwenda Gatsata niliwauliza watu watatu, na wote walikuwa wamefika wiki hii. Wa nne alikuwa mwenyeji. Alinionyesha kwa mkono tu, hakufungua mdomo.

Nikasema moyoni, huyu ana maringo. Mungu anisamehe.

Kinyarwanda changu ni cha jikoni kwa mama, cha kuagiza chumvi na kufukuza kuku. Kwa hiyo nategemea Kiswahili, na Kiswahili nilicholelewa nacho kina adabu zake: huanzi kazi na mtu kabla hujamjulia hali yeye na nyumba yake nzima.

Binamu yangu alikuwa ameniombea nafasi kwenye baraza la fundi mmoja wa hapa Gatsata, Konsolata, mama wa makamo mwenye mkasi mkubwa na maneno machache. Akinikubali, nina kazi. Akinikataa, narudi Karagwe na cherehani yangu nikachekwe na dada zangu. Basi asubuhi nilifika na heshima zote. Shikamoo. Habari za nyumbani? Mzee hajambo? Watoto wameamkaje? Yeye kimya. Nikadhani hasikii vizuri, nikaongeza sauti. Halafu, ili nisimwite jina lake kavukavu kama rika langu, nikamuuliza nimwite mama nani.

Aliweka mkasi chini, akaingia ndani.

Muuza mkaa wa jirani ndiye aliyenisogelea. "Dada, hapa hatuulizi hiyo," akasema polepole. "Bwana yake na watoto yake tatu, wote waliuawa mwezi ya nne. Alibaki yeye tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na siwezi kujitetea kwamba sikujua. Redio tuliisikiliza kila siku, na maji ya mto Kagera tuliyaona wenyewe yalivyokuwa yakileta maiti. Nilijua yote. Ila sikuwaza kwamba nitakutana nayo kwa mama anayekata suruali saa mbili asubuhi.

Nilikuwa nimeshafunika cherehani yangu niondoke alipotoka, macho mekundu, akanipa mikono miwili ya gauni niishone. Nikashona. Siku nzima hatukuongea, mimi ambaye huongea hata na uzi ukikatika.

Mvua ilipoanza tuliingiza mashine ndani, tukabaki tumesimama mlangoni. Ndipo aliposema, akiangalia barabara:

"Niite Mama Olivier. Huyo ndiye alikuwa mukubwa. Kutoka mwezi ya nne watu wanaogopa hiyo jina. Wananiita Konso, wananiita Madamu. Wewe uliniuliza. Basi uniite."

Niliitikia kwa kichwa tu.

Sasa niko chumbani peke yangu najizoeza kumwita hivyo, kama mwehu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili jina lilitoka nusu.

Nina haki gani ya kulitamka jina hilo? Wa kwetu wote wazima, saa hizi wanamenya ndizi Karagwe na kugombana juu ya kuni. Ningeulizwa mimi habari za nyumbani, ningejibu mpaka mtu achoke. Kwa kweli naona haya kwamba nina majibu.

Lakini hakumwomba mwingine. Ameniomba mimi, mgeni asiyejua hata njia.

Kesho saa mbili nitasimama barazani pake na nitamwamkia kwa jina la mwanawe, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.