Amiba Wako wa Milima ya Shimba

Binti yangu Mwanamisi,

Leo nimekifungua chumba chako, mara ya kwanza tangu uzikwe. Mikebe ya udongo ingali chini ya kitanda. Mwenzako wa chuoni anakuja kuichukua pamoja na hadubini.

Wakumbuka uliponipeleka Milima ya Shimba? Nilidhani twaenda kutazama ndovu. Wewe ukapiga magoti penye majani yaliyooza, ukachota udongo kwa kijiko changu cha jikoni. Tuliporudi ukaniinamisha kwenye hadubini. Nikaona kidude kimoja mfano wa kibuyu, kingine mfano wa bakuli.

“Wadudu wote hawa wametoka chini ya mti mmoja?”

“Si wadudu, mama, ni amiba. Kila mmoja hujijengea kombe lake kwa chembe za mchanga. Na wa bondeni si wa kileleni.”

Babako alikuwa barazani, akasema kwa sauti: “Wenzangu wamesomesha madaktari. Mimi nimesomesha mtazama vumbi.”

Chakula hukukigusa. Ulipolazwa hospitali ya Msambweni, figo zako zimekwisha kufeli, uliniuliza kama mikebe haipigwi na jua. Babako alikuwa amesimama mlangoni. Hukumuuliza lolote.

Sasa sikiliza. Siku ya hitima nilikuwa ndani na wanawake, pazia tu baina yetu na wanaume. Jirani mmoja akamuuliza babako ulikuwa ukisomea nini. Nikajikaza, nikingoja neno lile la vumbi.

“Amiba wa udongo wa milimani,” akasema. “Wana makombe. Ardhi ikikauka hujifungia ndani, mpaka mvua irudi.” Kisha akawataja kwa majina yao, yale magumu uliyokuwa ukiyarudiarudia peke yako chumbani. Hakukwama hata kwa moja. “Mwanangu alikuwa akiwajua wote,” akasema.

Wageni walipoondoka nilimfuata.

“Mbona mwenyewe hukumwambia?”

“Nilikuwa nangoja amalize masomo.”

Watu huniambia kwamba babako alikupenda. Nami najua hivyo. Lakini tangu siku ile namwandalia chakula, nampa, nami nala jikoni. Nimemkasirikia kuliko siku aliyokukejeli, maana siku ile nilidhani hajui kitu.

Naisikia hodi ya mwenzako. Babako ndiye anayemkaribisha, anamuuliza kama aweza kubakishiwa mkebe mmoja.

Mola akupanulie kaburi lako, mwanangu.

Ni mimi, mamako uliyemwacha Msambweni.