Jina Lako Kwenye Mtihani wa Hesabu

Mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini sijui kuanza na wewe kwa namna nyingine.

Nina hofu. Ni Jumapili mchana, nimekaa kitandani bwenini, na kesho asubuhi ofisi ya mitihani inataka maelezo yangu kwa maandishi. Tangu jana nashika kalamu naiweka chini. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana jambo lenyewe linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Unaikumbuka ile kozi iliyokukera, Hesabu na Sayansi kwa Wote? Uliposikia kwamba mimi ninayesomea Historia na Kiswahili ni lazima niifaulu, ulisema ni sawa na kumdai mpika pilau ajue kushona suruali. Halafu nikakuambia tumefika kwenye mada ya uwezekano, ndipo nikaharibu kabisa. Ulidhani chuo kinatufundisha kubeti. "Mwipwa, hiyo mikeka iache leo hii!" Ikabidi nikueleze kwenye simu habari ya sarafu: hata ikiangukia kichwa mara nyingi mfululizo, ukiirusha tena uwezekano ni nusu kwa nusu vilevile, kwa sababu haikumbuki ilivyoanguka kabla. Kisha ukasema, "Kitu kisichokumbuka jana hakina ukoo." Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka kuniangalia.

Mtihani wa kwanza nilifeli, hilo ulilijua. Ulinipa pole ukasema nitarudia. Sasa ulipoondoka, sapu, yaani huo mtihani wa marudio, ilikuwa bado. Na sapu ndiyo nafasi ya mwisho, Mjomba. Ukifeli hiyo unadisko: unafunga begi, unarudi nyumbani bila shahada, na watu wanakuuliza likizo inaisha lini.

Halafu ikaja arobaini yako. Mimi nilijua jina lako atapewa kaka Saidi, yeye ndiye mkubwa. Kumbe ulishawaambia akina bibi zamani kwamba ni mimi. Wakanikalisha mkekani mbele ya mlango wako, wakaninyunyizia unga wa mtama kichwani, wakasema kuanzia leo huyu ndiye Chilumba. Kwa nini hukuniambia? Ningekuomba ungoje nimalize chuo kwanza.

Tangu hapo sijatulia. Mama yangu mzazi ananiita kaka, kama alivyokuita wewe. Binti yako Zuhura, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, ananiletea habari za salfa: "Baba, mikorosho ya bondeni tumepulizia, ya barabarani bado." Rafiki yako Mzee Mtopwa nimemwamkia shikamoo, kacheka mpaka kashika kiuno: "Chilumba, mimi na wewe tangu lini tunaamkiana hivyo?" Nami nikacheka. Binti wa dada Asha ameposwa, na wote wanangoja neno la mjomba, yaani mimi, mtu mwenye sapu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naiweza kazi yako. Wananiita tu, nami naitika.

Nikiwa bado naitika hivyo nikapanda gari la Masasi, na kutoka Masasi nikarudi chuoni, nikaingia kwenye mtihani.

Sikiliza sasa, maana hapa ungefurahi. Swali la kwanza lilisema hivi: kuna kipimo cha malaria ambacho hukosea mara chache, na katika mji fulani wagonjwa ni wachache. Mtu akipimwa akaambiwa anayo, uwezekano kwamba anayo kweli ni kiasi gani? Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyoniangusha mwanzo. Safari hii nilifumba macho nikawajaza watu wa kijijini kwetu Makote kwenye uwanja wa zahanati. Wagonjwa nikawaweka kushoto, wazima kulia. Nikapita nikiwapima mmoja mmoja, huku wakinisalimia. Nikaona kwamba wazima ni wengi mno, kiasi kwamba hata makosa machache ya kipimo yanaangukia watu wengi kuliko wagonjwa wenyewe. Jibu likatoka. Mjomba, kwa mara ya kwanza namba zilinisikiliza!

Hapo hapo msimamizi akanisogezea karatasi ya mahudhurio niandike jina na kuweka sahihi. Mwili wangu ulikuwa chumba cha mtihani, akili ilikuwa bado zahanati ya Makote. Na Makote mimi ni Chilumba. Basi nikaandika Chilumba, nikaweka sahihi, nikaendelea na swali la pili.

Ofisi haina mwanafunzi mwenye jina hilo. Wanahofia nimemtuma mtu anifanyie mtihani, na karatasi yangu wameizuia isisahihishwe. Mama wa pale ofisini si mkali, alinisikiliza hadi mwisho. Lakini amesema kanuni ni kanuni. Niandike kwamba jina lile si langu, silitumii, na nililiandika kwa makosa. Nikiandika hivyo watasahihisha. Nisipoandika, nimedisko.

Si langu. Silitumii. Unaona linaponibana? Kwetu jina likikataliwa, marehemu mwenye nalo anabaki hana pa kukaa. Na wewe ndiye uliyetaka nisome kuliko mtu yeyote. Nikilishika jina lako, shule inakwenda. Nikiishika shule, naandika kwamba sikujui. Nimejaribu hata kupiga hesabu ya uwezekano wa wewe kukasirika, nikakosa namba za kuanzia.

Leo asubuhi nimempigia Mama nikamweleza yote. Ameuliza swali moja tu: nisipoandika watanifukuza? Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Mwanangu, andika." Tangu arobaini hajaniita hivyo. Akaendelea: "Kaka yangu alitaka usome. Andika, mwanangu, usome." Nimelia, Mjomba. Nimelia kama siku ile tuliyokuzika.

Basi kesho nitaandika. Nitasema jina lile si langu, na sijui mkono utafikaje mwisho wa mstari. Nakuomba usiondoke na jina lako. Maneno yale ni ya watu wa ofisini, wala hayatoki moyoni. Matokeo siyajui, na hofu haijapungua hata chembe.

Lala salama, Mjomba wangu. Naahidi hili moja: nikifaulu au nikifeli, nitarudi Makote, na atakayesimama mlangoni kwako akamwita Chilumba, nitaitika.

Mwipwa wako,
Bakari