Baba Alifaulu Kila Kipimo

Kaka yangu Wirot,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai baridi ya huko Korea haijakung'ata vidole na kazi ya kiwandani inakwenda. Huku mpunga umeshika vizuri. Baba yu hai, anakula, anatania watu, ila mguu wake wa kushoto wameukata chini ya goti.

Usimlaumu mtu bado, Kaka. Soma kwanza.

Ni sukari. Daktari alisema imekaa mwilini miaka mingi, akauliza kwani kijijini kwetu watu hawapimwi. Wanapimwa, tena bure! Kila mwaka Shangazi Lamduan, mhudumu wetu wa afya, hupita na kisindano chake kututoboa vidole, na Baba hufaulu. Wazee wenzake humtania kwamba ana damu ya kijana, atafute mchumba.

Hospitali haikututoza kitu. Lakini kukodi gari, kulala mjini na kuacha biashara yangu sokoni kumemeza nyati wetu wote wa kulimia. Wewe uliniandikia kwamba kinga ni bora kuliko tiba, nami nikakujibu kwa kiburi kwamba kinga nayo ina nauli yake. Ole wangu!

Kaka, nilijua. Niliona sisimizi wanavyojaa pale anapokojoa. Niliogopa kwamba akigundulika, kila mwezi nitampeleka mjini kuchukua dawa na kukosa soko. Basi kila Shangazi Lamduan alipotangaza kuja, nilimnyima Baba wali wa kunata na maembe, nikamlisha mchuzi wa majani mpaka apimwe. Wengi hapa hufanya hivyo wasigombezwe. Akishatobolewa tu, namwekea kapu zima la wali, tunacheka.

Jana wodini alinishika mkono akawaambia wagonjwa wenzake, "Mnamwona huyu binti yangu? Ana akili huyu! Bila yeye, sukari ingenikamata zamani." Wakanisifu. Nami, Kaka, nikatabasamu.

Anakusalimu sana, anauliza utarudi lini. Njoo umwambie ukweli wewe, maana mimi nikimtazama nashindwa. Na ile barua yako ya kunishukuru kwa kumtunza, nimeshindwa kuisoma mpaka mwisho.

Uso sina, lakini bado ni mdogo wako,
Buakham